Trekta la urithi lililokwama: msilivute, wala usilifumue

Msomaji ameniandikia hivi: "Fundi, shikamoo. Marehemu baba ametuachia trekta aina ya Massey Ferguson 135, la dizeli. Limekaa nje miaka 9, bomba la moshi likiwa limesimama wazi bila kifuniko. Injini haizunguki kabisa. Nikifunga betri na kugeuza ufunguo, stata inagonga mara moja, ko, basi. Kaka yangu anasema tulitie gia ya juu tulivute kwa trekta jingine mpaka liachie. Mimi nilifikiri nilifumue lote, boliti moja baada ya nyingine, nisafishe, nipake rangi, halafu niliunge upya. Nina spana, jeki moja na kibanda chenye paa. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee. Pa kuanzia nitakuonyesha, ila kwanza niwazuie wote wawili, maana kila mmoja wenu ameshika njia yake ya kulimaliza trekta hilo.

Nianze na kaka yako. Msilivute. Injini iliyolala miaka mingi kwa kawaida haijashikwa mahali pengi. Zilizoshikwa ni ringi za pistoni moja, pengine mbili, zilizogandana na ukuta wa silinda kwa utando mwembamba wa kutu. Mkilivuta likiwa kwenye gia, nguvu ya trekta la mbele inapita kwenye magurudumu ya nyuma, giaboksi na klachi, na kuishia kwenye konrodi, yaani mkono unaoiunga pistoni na krenki, ya ile pistoni iliyogoma. Hapo ama kutu itakatika, ama konrodi itapinda, na ukiwa nje huwezi kujua kipi kimetokea. Nilipokuwa kijana nilishiriki kulivuta trekta namna hiyo. Liliachia, tukashangilia, tukaliwasha siku ileile. Kabla jua halijazama konrodi ilikatika ikatoboa ubavu wa bloku. Injini iliyohitaji wiki 2 za mafuta na subira ikawa chuma chakavu, na mwenye trekta alikuwa amesimama pale anatutazama. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Halafu bomba lenu lilikuwa wazi. Mvua iliyoingia humo ilishuka kwenye manifoldi, na kutoka hapo ikapata njia ya kuingia kwenye silinda ambayo valvu yake ya moshi ilibaki wazi siku injini ilipozimwa kwa mara ya mwisho. Kama kuna maji yaliyobaki humo, kumbuka maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikilazimishwa kupanda dhidi yake, konrodi ndiyo inayopinda.

Sasa wewe. Nia yako ni njema, lakini trekta lililofumuliwa lote haliwezi kukuambia linaumwa wapi. Likiwa zima, hata kama ni bovu, utaona sili ipi inavuja, utasikia gia ipi inaruka na beringi ipi inalia. Likishakuwa vipande 500 kwenye madebe, hayo yote umeyapoteza, na utajikuta unabadilisha vitu vizima huku kibovu ukikirudisha kikiwa kimepakwa rangi mpya. Nimeona matrekta mengi ya watu wenye bidii kama wewe yakiishia kwenye madebe hayo. Kwa hiyo tutakwenda kwa mpangilio huu: kwanza injini izunguke, kisha iwake, kisha trekta liweze kusimama kwa breki na kunyanyua kwa haidroliki. Litafumuliwa pale tu lilipojionyesha kuwa ni bovu. Rangi inakuja mwisho kabisa.

Kabla ya spana yoyote, tafuta kibati cha namba ya trekta kwenye paneli ya mbele ya dereva, na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Aina ya 135 ilitoka mwishoni mwa 1964 na ikaundwa Coventry, Uingereza, hadi 1975, na katika miaka hiyo vipuri kadhaa vilibadilishwa. Injini yake ya dizeli kwa kawaida ni Perkins AD3.152: silinda 3, inchi za ujazo 152, yaani karibu lita 2.5. Hiyo ni bahati yenu, kwa sababu ni injini iliyofungwa kwenye mashine nyingi sana na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Nunua kitabu cha fundi cha aina hiyo hasa, si cha trekta linalofanana nalo. Na kagua spana zako: boliti nyingi za trekta hili ni za inchi. Spana ya milimita "inayokaribia" itazungusha kona za nati, na nati iliyopoteza kona ndiyo inayokula siku nzima.

Jeki moja haitoshi, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Trekta la namna hii halina chasisi. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zimeungwa kwa boliti, na hizo zenyewe ndizo mwili. Ekseli ya mbele imeshikwa kwa pini moja katikati ili ifuate mabonde ya shamba, kwa hiyo ukinyanyua sehemu ya nyuma, mwili mzima unaweza kulala upande mmoja ghafla. Kabla ya kunyanyua, gongea kabari za mbao ngumu kati ya ekseli ya mbele na mwili, kulia na kushoto. Nyanyua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana, ushushe uzito juu yake. Jeki ni ya kunyanyulia, haishikilii. Tani moja na nusu haimpi mtu nafasi ya kujirekebisha.

Haya, turudi kwenye injini. Usiamini mara moja kwamba pistoni ndizo zilizokwama. Ile "ko" uliyoisikia inaweza kuwa jino la stata lililong'ang'ania kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Vua stata, utaihitaji nje hata hivyo, kwa sababu tundu lake ndilo mlango wako wa kuifikia flaiwili. Vua mkanda wa feni, maana pampu ya maji au dinamo iliyoshika kutu nayo huzuia. Hakikisha gia ziko huru. Kisha jaribu kuizungusha injini kwa mkono kwa spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele. Kama bado imegoma, fungua kofia ya valvu.

Watu hupita juu ya valvu kwa haraka, nami nakuomba usifanye hivyo. Legeza shafti ya roka kidogo kidogo, boliti zote kwa zamu, uiondoe, uzitoe pushirodi, vile vijiti vinavyozisukuma roka, na kuzipanga kwenye kipande cha boksi chenye matundu yenye namba, ili kila moja irudi mahali pake. Sasa valvu zote zinatakiwa kuwa zimefungwa. Gonga kila moja kichwani kwa nyundo ya mpira au ya mbao: yenye afya inashuka na kurudi yenyewe kwa springi. Isiyorudi imeshika kutu kwenye gaidi yake, yaani kibomba inamopita. Ipe mafuta ya kupenyeza, gonga polepole, rudia kesho, mpaka icheze. Usiizungushe tena injini kabla valvu zote hazijawa huru, kwa sababu pistoni inayopanda ikikutana na valvu iliyobaki chini, vyote viwili vinaumia.

Fungua pia nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, lakini polepole na chombo kikiwa chini yake. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatoka ya kwanza. Kikombe kimoja hakinitishi, ni mvua na unyevu wa miaka. Yakitoka lita kadhaa na rejeta ni tupu, maji hayo yametoka kwenye mfumo wa kupoza, na maana yake ni gasketi ya hedi iliyokufa (hedi ni kifuniko cha juu ya silinda), hedi iliyopasuka, au bloku yenyewe. Hapo usiendelee na dawa ninayokuambia sasa. Hedi ndiyo itakayoondolewa kwanza, lakini niandikie kabla ya kuigusa.

Kama sampu haina neno, toa nozeli 3, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda. Safisha pande zote kwanza ili uchafu usidondokee ndani, zinyweshe mafuta ya kupenyeza usiku kucha, na usizichokonoe kwa bisibisi. Zungushazungusha huku ukivuta. Kila nozeli ina washa ya shaba chini yake. Hakikisha ya zamani haijabaki shimoni, maana ukiweka mpya juu yake nozeli itakaa juu zaidi ya inavyotakiwa. Sasa mulika kwa tochi nyembamba. Kama kuna maji, yanyonye yote kwa mpira mwembamba na bomba la sindano kabla ya kumimina kitu kingine.

Dawa ya kufungulia ni ya mafundi wengi: nusu asetoni, nusu mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ukitikisa kila mara kwa sababu hayachanganyiki vizuri. Asetoni inashika moto kwa cheche ndogo, basi fanya nje, betri ikiwa imefunguliwa na hakuna anayevuta sigara. Ukikosa, dizeli na oili nyepesi pia hufanya kazi, kwa muda mrefu zaidi. Kichwa cha pistoni za injini hii kina bakuli katikati, na kimiminika hukaa humo kwanza. Mimina hadi kivuke ukingo na kufika pembeni, kwenye ringi. Funika matundu kwa vitambaa safi na uache. Kesho yake pima kwa kijiti silinda ipi imepungua. Inayonywa dawa ina njia pembeni ya ringi. Ile ambayo kiwango chake hakishuki ndiyo unayopaswa kuishuku.

Ongeza kila siku. Baada ya siku 3 au 4 anza kuitingisha injini: nusu ya nguvu zako mbele, nusu nyuma, kwenye nati ya puli, au kwa mtaimbo mfupi unaoegemea meno ya flaiwili kupitia tundu la stata. Ukirudisha nyuma uwe mwangalifu, nati ya puli isije ikalegea. Unachokitafuta ni mwendo wa milimita moja. Ukiupata usishangilie kwa kuvuta kwa nguvu. Rudi nyuma, mimina tena, pumzika hadi kesho. Kutu iliyovunjika inageuka unga, na unga huo unatakiwa kulowana na kusombwa, la sivyo utakwaruza silinda njia nzima. Injini iliyoachia hivi, kwa milimita, kisha nusu inchi, kisha mzunguko mzima, mara nyingi huwaka na kufanya kazi miaka. Nimesubiri wiki 3 kwa injini ya namna hii na sijajuta.

Inapokaribia kuzunguka mzunguko mzima, kimiminika kitaruka kwa nguvu kutoka kwenye matundu ya nozeli. Vaa miwani ya kazi na usiiname juu yake. Kisha mwaga oili yote ya sampu, hata kama uliiweka mpya juzi, kwa sababu asetoni imepita ringi na kushuka humo. Badilisha na filta yake.

Ukimaliza mwezi bila hata milimita, basi hedi ishuke. Kazi bado haijakushinda, na sasa unaona kwa macho. Andikia kila silinda neno lake kwenye daftari: ipi ina kutu, ipi inang'aa. Ondoa sampu, fungua kofia ya konrodi ya pistoni iliyogoma, kwangua ukingo wa juu wa silinda, kisha isukume pistoni kutoka chini kwa kipande cha mbao ngumu, kamwe si chuma. Silinda ikiwa na vishimo unavyovihisi kwa ukucha, itahitaji slivu mpya, yaani bomba la chuma ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Slivu za injini hii ni kavu, hazigusani na maji, na zimebanwa ndani ya bloku. Hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine. Wapelekee bloku, wewe ubaki na kazi nyingine.

Upande wa dizeli nitakwenda haraka. Mwaga yote ya zamani, osha tangi, puliza mabomba, weka filta mpya. Pampu ya kusukumia dizeli kwenye nozeli, ile ya kuzunguka ya kampuni ya CAV, usiifungue nyumbani. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, nafasi zake ni ndogo mno, na kuirekebisha kunahitaji benchi la kupimia. Kama inaleta dizeli, iache. Nozeli zote 3 zipelekwe kwa pamoja kupimwa kwa mashine. Na usijaribu kuona unyunyizaji wake kwa kuweka kiganja mbele: dizeli ya nozeli hupenya ngozi kama sindano, kidonda huonekana kidogo kama cha mwiba, na mkono unaweza kupotea. Ikitokea, ni hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie madaktari ni dizeli ya shinikizo.

Kutoa hewa kunafuata njia ya mafuta: skrubu ya filta kwanza, ukipiga kijimkono cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini mpaka mapovu yaishe, kisha skrubu za pampu kubwa, mwisho nati za mabomba kwenye nozeli huku stata ikizungusha. Kuna jambo linalowahangaisha wanaoanza: kijimkono kinakuwa kilegevu na hakisukumi chochote. Pampu haijafa. Kamshafti, shafti inayoendesha valvu na pampu hiyo, imesimama ikiwa imeikandamiza. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili, ambao kwa kamshafti ni nusu, kisha jaribu tena.

Kabla ya kuwasha, kagua mpini wa kuzimia. Shika kijimkono cha kuzimia kwenye pampu yenyewe uone kinakwenda na kurudi, kwa sababu waya ulioshika kutu unaweza kuvutika upande wa dereva bila kufanya kitu upande wa pili. Injini ya dizeli iliyolala inaweza kuwaka na kupanda kasi bila kuzuilika, pampu ikiwa imekwama au ikijilisha oili yake yenyewe, na hapo kuzima ufunguo hakusaidii. Andaa kipande cha ubao kinachoziba mdomo wa kuingizia hewa na umpe mtu asimame nacho tayari. Ubao, si kitambaa, kwa sababu kitambaa kinanyonywa ndani, na kiganja hakifai kabisa.

Betri nayo ikaguliwe kabla ya kufungwa. Matrekta mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa chanya kwenye bodi, na hata kwenye yaliyofuata hujui fundi gani alipita hapo kabla yako. Angalia mfumo wa kuchajia ulivyofungwa. Ukigeuza nguzo za alteneta unaiua papo hapo. Nyaya zilizopasuka ganda uzibadilishe zote, hazina ukarabati. Na swichi ya usalama, ile inayokataa stata mpaka mpini wa kasi kubwa na ndogo uwe katikati, iwe nzima. Usiwashe kamwe kwa kugusisha bisibisi kwenye stata ukiwa umesimama kando ya gurudumu. Trekta lililo kwenye gia litawaka na kukupanda papo hapo.

Siku ya kuwasha litoeni nje ya kibanda, gia zikiwa huru, kabari mbele na nyuma ya magurudumu, maji yamejaa. Vuta mpini wa kuzimia na uzungushe kwa stata, kwa vipindi vifupi, mpaka mshale wa oili unyanyuke. Ndipo uachilie dizeli. Ikiwaka na mshale ukaanguka, izime bila kusubiri. Moshi mweupe wa mwanzo ni dizeli isiyoungua, mara nyingi hupungua injini ikipata joto. Ukiendelea na maji yakawa yanapungua, ni gasketi. Wa bluu ni oili, na ringi zilizoganda kwenye mifereji yake huweza kuachia baada ya saa kadhaa za kazi nyepesi, basi usikimbilie kuishusha injini. Mweusi mwingi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, uanzie kwenye filta ya hewa. Usiiache ikinguruma bila mzigo saa nzima ukidhani unaipumzisha. Ipe kazi ndogo ipate joto la kweli.

Klachi huenda imegandana na flaiwili. Dalili yake ni gia kulia na kukataa kuingia ingawa umekanyaga pedali hadi mwisho. Funga pedali chini kwa ubao siku kadhaa, kisha pasha injini moto na ujaribu tena mahali penye nafasi. Ikikataa kabisa, trekta linapasuliwa katikati, kati ya injini na giaboksi. Kwa kazi hiyo usiwe peke yako, na uwe na njia ya kushikilia nusu zote mbili zisiyumbe. Ukishafika humo badilisha diski, beringi ya klachi na sili ya nyuma ya krenki kwa mpigo mmoja, maana hutapenda kulipasua mara ya pili kwa ajili ya sili.

Vitambaa vya breki na diski za klachi za zama zile mara nyingi vilikuwa na asbestosi. Usipulize vumbi lake kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kifunge kwenye mfuko, na uvae barakoa inayofaa. Kama ndani ya ngoma kuna oili, sili ya ekseli imekufa, na kitambaa kilicholowa oili hakioshwi kikapona. Breki za kulia na kushoto zirekebishwe zishike sawa, ujaribu ukiwa umeziunga kwa komeo lake.

Haidroliki ndipo watu wengi wanapolikatia tamaa trekta hili bure. Wanainua mpini, mikono ya nyuma haipandi, wanaanza kufungua. Pampu yake imo ndani ya mwili, katikati ya oili ya giaboksi na ekseli, na inaendeshwa na shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma kuzungushia zana. Mpini wa PTO ukiwa haujaingizwa, pampu haizunguki na mikono haitapanda hata trekta likiwa jipya. Ingiza mpini huo kwanza, usubiri, ndipo uhukumu. Kisha tazama oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia mpira uliopasuka wa mpini wa gia. Mwaga, weka ya kusafishia, endesha kidogo, mwaga tena, kisha weka aina iliyoandikwa kitabuni na ubadilishe ule mpira.

Kagua rimu za nyuma upande wa ndani. Tairi nyingi za matrekta hujazwa maji yenye kloridi ya kalsiamu ili kuongeza uzito, na yakivuja hula rimu karibu na valvu. Rimu iliyoliwa usiijaze upepo ukiwa umesimama mbele yake. Kama trekta lenu halina fremu ya kumlinda dereva likipinduka, tafuteni ya aina yake na mkanda wake, na kifuniko cha shafti ya PTO kirudi mahali pake. Inazunguka mara 540 kwa dakika. Shati likishikwa hakuna muda wa kulivua.

Sasa unaweza kuwaza rangi. Ya zamani huenda ina risasi, kwa hiyo piga msasa wa maji, usiwe mkavu, na watoto wakae mbali. Bati dogo lililoliwa na kutu, kama vishikizo na mabano, mimi hulisafisha kwa umeme: beseni la plastiki, maji yenye magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, chaja ya volti 12, waya hasi kwenye kipande, waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida. Kisiwe chuma cha pua, maana hutoa sumu kwenye maji, na usitumbukize alumini. Fanya penye hewa kwa sababu haidrojeni inatoka. Mwili wa injini usipulizwe kwa mchanga ukiwa umefungwa, chembe zitaingia kwenye sili na kuzimaliza. Na usimwagie pampu ya dizeli maji baridi ikiwa ya moto, inaweza kukwama palepale. Grisi yote iondoke kabla ya praima. Rangi iliyopakwa juu ya mafuta itabanduka vipande vipande. Ziba kwa utepe kibati cha namba, nipeli za grisi na mifereji ya puli.

Boliti zitakazogoma njiani, na zitagoma, uzikaze kidogo kwanza kabla ya kuzifungua. Zikikataa, pasha nati moto, si boliti, kisha gusisha nta ya mshumaa iyeyuke na kunyonywa kwenye nyuzi. Nimeokoa boliti nyingi kwa mshumaa kuliko kwa mtaimbo.

Likishafanya kazi saa 25 hivi, mwaga oili ya injini tena, itoke na uchafu wote uliolegea. Kama hedi ilishuka, kaza tena kwa spana ya torki kwa mpangilio wa kitabu. Kisha injini ikiwa ya baridi, pima nafasi za valvu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, milimita 0.30 kila moja. Ukikutana na maji mengi kwenye sampu, usifungue kingine. Niandikie kwanza yalikuwa na rangi gani.